Kuishi kwa ubunifu wa mavazi na mikoba Mombasa: anza na mkoba mmoja uliopimwa

Mombasa ina watu wengi wenye jicho la rangi na mkono wa kuchora. Kinachokosekana sana ni bidhaa inayoweza kurudiwa: mkoba wa kumi ufanane na wa kwanza, kwa gharama ileile, na fundi awe amelipwa siku aliyoahidiwa. Mbunifu anayejitegemea hali kwa michoro yake. Anakula kwa vipimo vyake, kwa hesabu zake, na kwa sampuli inayoweza kupewa fundi yeyote hodari akaitoa vilevile. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kitu kimoja, mkoba wa bega wa kikoi, na kuufuata tangu dukani mpaka unapolipwa. Ukiumudu huo, dera, kofia, mkanda na pochi zitafuata njia hiyohiyo.

Kitambaa kwanza, mchoro baadaye

Nenda Biashara Street asubuhi, kabla ya msongamano, na futi ya kupimia mkononi. Mtaa huu ndio chuo cha kwanza cha mbunifu wa Pwani. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lenye chapa ya Mali ya Abdulla kwenye leso zake, linahesabu miaka yake tangu 1887, na ukisimama mlangoni utasikia wateja wakichagua leso kwa jina, yaani msemo ulioandikwa juu yake, kabla hata ya rangi. Sikiliza. Watu hao ndio utakaowauzia.

Leso ina pindo pande zote, mji katikati, na jina lililo ndani ya kisanduku juu ya pindo la chini. Huwa karibu sentimita 150 kwa 110, lakini hutofautiana kiwanda kwa kiwanda, basi pima kila unayonunua. Huuzwa doti, yaani mbili mbili. Kikoi hufumwa, hakichapwi. Mistari yake iko ndani ya uzi wenyewe, na ncha zake mbili zina matamvua. Kikoi cha kawaida ni karibu mita 1 kwa 1.6. Kwa mkoba wa kwanza chagua kikoi: ni kizito kuliko leso, hakina maneno ya kuchunga, na mistari yake iliyonyooka hukuonyesha papo hapo ulipokata upande.

Leso mpya hudanganya wengi. Dukani ni ngumu kwa sababu imetiwa wanga. Ukiifua inalegea kama shela. Mbunifu aliyechora mkoba uliosimama wima kwa kuishika ile leso mpya atashangaa baada ya fuo la kwanza. Ukitaka kushona mkoba wa leso, panga tangu mwanzo kuwa utaitia ugumu kwa ndani.

Usikate kitu kabla ya majaribio mawili.

La kwanza ni kurudi kwa kitambaa, yaani kusinyaa kwake kikifuliwa. Chora mraba wa sentimita 40 kwa 40 katikati ya kitambaa, uutie alama kwa kupiga bandi za uzi wa rangi nyingine, maana chaki itaondoka majini. Fua kwa maji ya vuguvugu, anika kivulini, piga pasi, kisha pima tena. Ukikuta 38.4, kitambaa kimerudi asilimia 4, na hiyo si ajabu kwa pamba. Pima urefu na upana kando kando, kwa sababu aghalabu havirudi sawa.

La pili ni kuchuja rangi. Loweka kitambaa pamoja na kipande cha amerikani nyeupe (pamba isiyochapwa) kwa dakika 30, kisha kifikiche kikiwa bado maji. Nyeupe ikipata doa, fua tena mpaka maji yatoke safi. Mama zetu wametufundisha chumvi na siki, na watu bado wanazitumia, lakini hazifungi rangi iliyokwisha tiwa kiwandani. Kinachosaidia ni kuitoa rangi iliyozidi kwa kufua. Kitambaa kinachoendelea kuchuja baada ya mafuo matatu kiache. Mteja atakayelikuta doa jekundu kwenye kanzu nyeupe siku ya Ijumaa hatarudi, na atawaambia wenzake.

Vipimo vya mkoba

Mkoba huu ukikamilika una upana wa sentimita 34, kimo 36 na kitako cha 10. Posho ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki nje ya mstari wa mshono, ni 1.5 pande zote. Hesabu ya kipande cha nje ni hii: upana ni 34 + 10 + 3 = 47; kimo ni 36 + 5 (nusu ya kitako) + 1.5 + 3.5 ya kukunja mdomo = 46. Kata vipande viwili vya 47 kwa 46, na katika pembe mbili za chini za kila kimoja uondoe mraba wa 5 kwa 5.

Kwa nini upana wa 34, wakati 36 ungependeza zaidi? Kwa sababu ya kule kurudi. Kikoi cha 100 kwa 160 kilichorudi asilimia 4 kinabaki 96 kwa 153. Vipande viwili vya 47 vikikaa sambamba vinachukua 94, vinaingia. Vya 49 vingechukua 98, haviingii, na kikoi kimoja kingekupa nusu ya mikoba. Sentimita mbili za upana ndizo zinazoamua kama kikoi kitatoa mikoba mitatu au kitakula faida yako yote. Huu ndio ubunifu wenyewe, na mara nyingi hufanyika kwa kalamu na daftari kabla mkasi haujaguswa.

Safu tatu za kimo cha 46 zinachukua 138 kati ya zile 153. Kipande kinachobaki, kama 15 kwa 96, kigawe mara tatu: kila 15 kwa 32 ukikikunja kati kinakuwa mfuko mdogo wa simu wa ndani. Mpini hauwezi kutoka kwenye kikoi hicho bila kuongeza kingine, kwa hiyo nunua mkanda wa pamba wa upana wa 2.5 unaouzwa kwa mita. Kila mkoba unataka vipande viwili vya sentimita 65, jumla mita 1.3.

Bitana ya amerikani ikate 46.5 kwa 42, vipande viwili, na ile miraba ya pembeni vilevile. Nusu sentimita iliyopunguzwa upana ndiyo inayozuia bitana kujikunja ndani. Amerikani ya upana wa 150 inatoa vipande vitatu kwa safu, kwa hiyo sentimita 90 zinatosha mikoba mitatu na ziada ya kunyoosha ncha. Nayo ifuliwe kwanza.

Violezo vyako vikate kwenye kadi ngumu, si gazeti. Andika juu ya kila kimoja: jina la mkoba, kipande gani, vikatwe vingapi, mshale wa mwelekeo wa mistari, na tarehe. Ukibadilisha hata nusu sentimita, kata kadi mpya na uichane ya zamani. Kadi mbili za tarehe tofauti kwenye karakana moja huzaa mikoba miwili tofauti.

Kushona, kwa mpangilio huu

Tumia uzi wa polista. Uzi wa pamba huoza upesi kwa jasho na chumvi ya hewa yetu. Sindano namba 14 inatosha kikoi na bitana. Ukifika kwenye mipini, ambapo tabaka ni nyingi, weka namba 16. Mshono uwe wa milimita 3. Mfupi kuliko hapo hutoboa kitambaa kama stempu, na mkoba uliobeba mzigo huchanika hapo hapo.

Kwanza gandisha kitambaa cha gundi, kile cha kutia ugumu, upande wa nyuma wa kikoi kwa pasi. Bonyeza na uinue, usiburute, la sivyo mistari itapinda na hutaiona mpaka mwisho. Pili, shona mfuko wa simu kwenye bitana, na utie kifungo cha sumaku kwenye bitana hiyo. Nyuma ya kila nusu ya sumaku weka kipande cha kanvasi cha 4 kwa 4, maana sumaku bila kiraka huichana bitana. Tatu, unga vipande vya nje pembeni na chini, ukilinganisha mistari kwa pini kila sentimita 5. Nne, kutanisha mshono wa ubavu na mshono wa chini kwenye kila pembe, ushone mstari mmoja ulionyooka. Hapo kitako cha 10 kinatokea chenyewe. Fanya vivyo hivyo kwa bitana.

Ingiza bitana ndani ya mkoba, nyuma kwa nyuma. Kunja mdomo wa nje sentimita 1, kisha 2.5, ufunike ukingo wa bitana. Chomeka ncha za mipini chini ya mkunjo huo, kila ncha sentimita 6 kutoka katikati, uinue mpini juu, kisha ushone mstari wa juu na wa chini kuzunguka mdomo wote. Malizia kila ncha kwa mraba wa 2.5 wenye msalaba ndani yake. Ncha zote nne. Mkoba unaorudishwa na mteja mara nyingi umechomoka hapa.

Cherehani ikiruka mishono, badilisha sindano kabla ya kumlaumu fundi au mashine. Sindano butu ndiyo sababu ya kawaida, ikifuatiwa na uzi mnene kuliko tundu. Uzi ukikatika kila mara mahali pamoja, pitisha kidole kwenye bamba la sindano utafute pa kukwaruza.

Kisha jaza mkoba kilo 5 za mchele, uuning'inize usiku kucha. Asubuhi tazama mipini na pembe. Sampuli isiyopita jaribio hili haijawa bidhaa.

Kuhusu leso, kanuni moja ya kuongeza: soma jina kabla ya kukata, na uliache lisikatwe. Katika kiolezo hiki sentimita 6.5 za chini zinaingia kitakoni na mshononi, hivyo maneno yaanze si chini ya 8 kutoka ukingoni. Jina lililopoteza neno la mwisho linaweza kugeuka tusi, na hata lililo zima linaweza kuwa fumbo la ugomvi ambalo mteja hakutaka kulibeba begani.

Ukili, ngozi na hewa ya bahari

Mkoba wa ukili, yaani ukanda uliosukwa kwa majani ya miyaa, wenye bitana ya leso, ni bidhaa inayowavutia wenyeji na wageni sawasawa. Nunua mikoba iliyokwisha sukwa kutoka kwa wasukaji wenyewe, uwape kipimo chako kwa kamba yenye mafundo kuliko kwa namba za mdomo, na uwalipe bei inayowatosha. Kazi ya kusuka ni siku nyingi za mikono. Bitana ishonwe kwa mkono, kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta. Cherehani ya nyumbani huvunja miyaa badala ya kuishona.

Unyevu ndio adui mkubwa. Ukili ambao haukukauka sawasawa, ukifungiwa ndani ya nailoni, huota ukungu, na ngozi vilevile. Kausha kivulini mpaka ukili utoe sauti kavu ukiukunja kidogo, kisha hifadhi kwenye rafu iliyo mbali na ukuta, penye upepo. Vyuma vya kupakwa rangi ya dhahabu hupata kutu haraka karibu na bahari. Bizimu na pete za shaba njano ni ghali zaidi lakini hudumu. Za plastiki nzuri ni heri kuliko chuma kibaya.

Kwa mapambo, usiguse gamba la kasa wala la ng'amba, hata ukiambiwa ni la zamani. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inakataza biashara yake, kasa wote wamo katika orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na mteja wako atanyang'anywa uwanja wa ndege. Shanga za kioo, mbegu, kifuu na pembe ya ng'ombe vinatosha kabisa kufanyia kazi nzuri.

Bei

Hapa ndipo wengi wenye vipaji huanguka. Chukua mfano, bei za soko utaweka zako za leo.

Kikoi cha shilingi 900 kikitoa mikoba mitatu, kila mmoja umekula 300. Bitana 60. Mkanda mita 1.3 kwa 60, ni 78. Kitambaa cha gundi 40, sumaku 50, uzi na lebo 40, karatasi ya kufungia 30. Vifaa jumla 598. Kazi: dakika 75 kwa shilingi 240 kwa saa, ni 300, na hii iandikwe hata kama mshonaji ni wewe mwenyewe. Sehemu ya kodi ya chumba, umeme, nauli na matengenezo ya cherehani: jumlisha gharama za mwezi, gawa kwa mikoba ya mwezi, tuseme 120. Gharama kamili ni 1,018.

Sasa mbunifu mgeni anauza 1,500 na kujiona amepata karibu 500. Anapeleka mikoba dukani, duka linakata asilimia 40, yaani 600. Anabaki na 900. Amepoteza 118 kwa kila mkoba, na kadiri anavyouza ndivyo anavyozama. Bei ya 2,800 ingempa 1,680 baada ya duka kuchukua lake, na faida ya 662 ya kununulia vitambaa vya awamu ijayo.

Bei ya rejareja iwe moja kila mahali. Ukiuza 2,800 dukani na 1,700 kwa WhatsApp, mwenye duka atajua ndani ya wiki, na rafu yako itapewa mwingine.

Kumpa fundi kazi

Ukifika mikoba 20 kwa mwezi utahitaji mkono wa pili. Mpe fundi vipande vilivyokwisha katwa na kuhesabiwa, vimefungwa seti seti, pamoja na sampuli ya mwisho iliyotiwa sahihi na karatasi moja ya maelezo: vipimo, namba ya sindano, urefu wa mshono, mahali pa mpini, mahali pa lebo. Sampuli nyingine kama hiyo ibaki kwako. Mkubaliane malipo kwa kipande, na mishono gani ikirudi inarekebishwa bila malipo ya ziada. Kabla ya kuendelea, kagua mikoba mitatu ya mwanzo ukiwa naye, kwa heshima, futi ikiwa mezani. Makosa yakionekana hapo yanarekebishika. Yakionekana kwenye wa kumi na tisa, kitambaa kimekwisha.

Mlipe siku hiyohiyo anapokabidhi. Fundi mzuri wa Mwembe Tayari au Kongowea ana kazi nyingine za kutosha, hasa kuelekea Idi, na kazi ya anayelipa kwa wakati ndiyo inayotangulia kwenye cherehani.

Kuuza

Maduka ya Mji wa Kale karibu na Ngome ya Yesu, na ya hoteli za Nyali, Bamburi na Diani, mengi huchukua mali kauli: unawaachia, wanakulipa kilichouzwa. Kubali kwa masharti yaliyoandikwa. Orodha ya vipande na bei, asilimia ya duka, siku ya kuhesabu kila mwezi, nani analipia kilichochafuka au kuibwa, na baada ya siku ngapi mali isiyouzwa inarudi. 60 ni muda wa haki. Usiache zaidi ya mikoba 6 kwenye duka jipya. Mali kauli ni mtaji wako uliokaa kwenye rafu ya mtu mwingine.

Tembelea pia Bombolulu, kituo cha mafundi wenye ulemavu kilichoanzishwa 1969, utazame jinsi vito na mikoba inavyopangwa kwa wageni wanaotembezwa karakana: vichache, vyenye maelezo ya nani ametengeneza na kwa nini.

Kwa oda za mtu mmoja mmoja, pokea nusu kwa M-Pesa kabla ya kukata kitambaa, na iliyobaki kabla ya kutuma kwa basi. Piga picha saa moja au mbili asubuhi kivulini, moja ikimwonyesha mtu amebeba mkoba ili ukubwa ueleweke, moja ya ndani, moja ya mshono wa mpini. Andika vipimo kwa sentimita. Usisahau kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Karatasi au kifuko cha mabaki ya amerikani hufanya kazi vizuri zaidi hata hivyo.

Makaratasi

Sajili jina la biashara kupitia eCitizen, uwe na PIN ya KRA, na uchukue leseni ya kaunti ukishakuwa na karakana au duka. Jiandae kutoa ankara za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa sababu hoteli na makampuni yatazidai. Nembo yako inasajiliwa KIPI, taasisi ya Kenya ya mali za ubunifu wa viwandani, na hudumu miaka 10, ikiweza kuongezwa. Daraja la 18 ni la mikoba, 25 la mavazi, 14 la vito. Umbo jipya kabisa la mkoba linaweza kusajiliwa hapohapo kwa miaka 5, na kuongezwa mara mbili. Kushonea leso uliyonunua ni halali. Kuchapisha upya michoro ya leso ya kiwanda kingine bila ruhusa ni wizi wa kazi ya mbunifu mwenzako.

Kalenda ya mwaka

Masika, kuanzia Aprili mpaka Juni, wageni hupungua na baadhi ya hoteli hufunga. Huu ndio wakati wa sampuli mpya, violezo na kufua vitambaa, ingawa vitachelewa kukauka. Julai na Agosti wageni hurudi, kisha Desemba mpaka Machi, kaskazi ikivuma, ndiyo miezi mikuu. Mikoba ya Desemba iwe imekatwa mwishoni mwa Septemba na kufika madukani katikati ya Novemba. Idi mbili huja kama siku 11 mapema zaidi kila mwaka, basi zihesabu upya kila Januari na umpe fundi oda ya madera wiki nane kabla, kwa sababu wiki mbili za mwisho za Ramadhani hutapata cherehani ya kukodi wala ya kuazima kisiwani kote.